Tumbo Lililopunguzwa na Siha Inayorejea

Kasindi, mji wa forodha wa Kongo ulio ukingoni mwa mto Lubiriha, mkabala na Mpondwe ya Uganda, hupokea malori yapandayo kutoka Mombasa kwa njia ya Kampala, yakiwa yamesheheni mafuta ya kupikia, sukari, unga na vinywaji vitamu, ambavyo huendelea hadi Beni na Butembo. Na katika masoko yetu haya, ambamo unene umehesabiwa tangu zama kuwa alama ya neema, naye aliyekonda huulizwa ana maradhi gani, ni taabu kumwambia mfanyabiashara aketiye dukani tangu alfajiri hata magharibi ya kwamba kitambi chake, kisukari chake na magoti yake yanayouma aghalabu yana shina moja.

Taabu zaidi ni kuwaaminisha jirani zake kuwa mtu huyo si mvivu wala si mlafi. Mtu apunguzapo chakula akakonda, mwili wake huona umepatwa na njaa, nao hujihami: homoni iitwayo ghrelini, waliyoigundua Masayasu Kojima na Kenji Kangawa huko Japani mwaka 1999, huzidi katika damu na kuichochea hamu ya kula, ilhali mwili wenyewe hupunguza matumizi yake ya nguvu. Ndiyo maana wengi waliojinyima kwa ikhlasi hurudia uzito wao wa kwanza, kisha wakalaumiwa bila haki.

Upasuaji huingia hapo. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, aliona kuwa wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda hawakunenepa tena, na mwaka 1966 yeye na mwenzake Chikashi Ito wakaanza kuutumia ujuzi huo kwa wagonjwa wanene. Njia yao ilikuwa kubakiza kifuko kidogo upande wa juu wa tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kisipite njia yake ya zamani. Njia iliyoenea zaidi siku hizi ni nyingine: kwa matundu madogo na kamera, mpasuaji huondoa yapata robo tatu ya tumbo, akaacha mrija mwembamba usiopokea zaidi ya kikombe kidogo cha chai. Sehemu inayoondolewa ndiyo itoayo ghrelini kwa wingi, kwa hiyo pamoja na nafasi kupungua, njaa nayo hutulia.

Ajabu kubwa kuliko zote ni kisukari. Daktari Walter Pories alieleza mwaka 1995 kuwa wagonjwa wake wengi wa kisukari cha ukubwani walipata sukari ya kawaida baada ya kupasuliwa, mara nyingine katika siku chache tu, kabla hawajapungua kilo za kutajika. Chakula kifikapo upesi utumboni, huamsha homoni nyingine zinazoisaidia insulini. Huko Sweden, uchunguzi ulioanza mwaka 1987, wenye watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa na idadi kama hiyo wasiopasuliwa, ulionyesha mwaka 2007 kuwa waliopasuliwa walikufa kwa uchache zaidi.

Tiba hii haikusudiwi kila mwenye kitambi. Kwa muda mrefu kipimo kilikuwa uwiano wa uzito na mraba wa kimo (BMI) wa 40, yaani kilo 102 kwa mtu wa mita 1.60, au 35 akiwa na maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vililegeza kiwango hicho. Nairobi wako wapasuaji wa kazi hii, na Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili ya Tanzania, huwekwa puto tumboni kupitia kinywani, bila kisu, likaondolewa baada ya miezi kadhaa.

Basi mgonjwa wa kwetu hana budi kusafiri, na mimi nachelea kurudi kwake kuliko kwenda kwake. Majuma ya kwanza ni supu na uji mwepesi. Baadaye, mbele ya bugali (ugali), sombe (kisamvu) na makayabo (samaki wa chumvi), yampasa aanze na samaki huyo, aliyetolewa chumvi vyema, atafune mpaka alainike kabisa, aache maji hadi amalize kula, na tonge mbili tatu za bugali zimtoshe. Soda huweza kumtoa jasho na kumwendesha moyo mbio. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na chokaa ni vya maisha yote, kwani upungufu wa vitamini B12 hudhuru damu na neva kimyakimya. Mwanamke na asubiri mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kushika mimba. Na mwenye kutapika mfululizo au kuumwa tumbo kwa ghafula asingoje, maana mshono huweza kuvuja.

Nawasihi wenye azma hiyo: kabla ya kuvuka Lubiriha, mtafuteni kwanza tabibu wa Beni au Butembo atakayekubali kuwapima damu kila mwaka, mkamkutanishe kwa simu na mpasuaji, na dawa zote mnazotumia, hasa za kisukari, zipangwe upya na hao wawili pamoja.