Fulana aliyoinunua msomaji mwenyewe

Ukitaka kujua nani ana pesa za kujitangaza Kitale, nenda sokoni siku ya Jumamosi usome vifua vya watu. Utakuta fulana za mbegu, kwa kuwa hapa ndiko makao makuu ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956. Utakuta za dawa za magugu, za benki, za kampuni za simu. Shuka kwa matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, na mambo ni yale yale, ila huko kofia na fulana za vyama vya siasa huzidi. Za kampeni za 2022 bado zinavaliwa mjini. Za 2017 zimeshakuwa nguo za shamba. Karibu zote zilitolewa bure. Aliyezivaa hakulipa kitu, na aliyelipa alijua anachokitafuta.

Fulana usiyoiona ni ile ya msomaji: fulana ambayo mtu ameinunua kwa pesa zake kwa sababu anasoma, anasikiliza au anatazama chombo kidogo cha habari kinachoandika kuhusu teknolojia bila kuelekezwa na kampuni wala serikali.

Marekani biashara hii imeshika. Mwezi Mei 2023 kampuni ya Vice ilipoomba kinga ya ufilisi, wanahabari wa kitengo chake cha teknolojia, Motherboard, walijua mambo yameharibika. Mwezi Agosti wanne kati yao walianzisha chombo chao wenyewe, 404 Media, wakakimiliki wao. Tegemeo lao kubwa ni wasomaji wanaolipa, na pembeni wanauza fulana. Kabla yao, jarida la wadukuzi la 2600, linalotoka New York tangu 1984, lilikuwa limewauzia wasomaji wake fulana kwa miaka mingi. Anayezinunua hakosi nguo kabatini. Anataka chombo anachokiamini kiendelee kuwapo, na anataka jirani yake akijue.

Mtu asiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Pwani yetu imefanya biashara ya nguo zenye maneno kwa zaidi ya karne. Kaderdina Hajee Essak, wauzaji wa kanga wa Mombasa wanaojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, walianza mwaka 1887. Kanga za matukio zimechapwa kwa ajili ya uhuru, kwa ajili ya viongozi, hata kwa ajili ya ushindi wa Barack Obama mwaka 2008. Zikiisha, zimeisha, na aliyewahi huitunza yake sandukuni. Toleo la idadi maalumu ni hilo hilo. Kilichobaki ni kulipeleka kwa wanahabari.

Na wanahabari hao wanahitaji. Mwezi Machi 2024 serikali ya Kenya iliagiza matangazo yake yote ya redio na runinga yapelekwe kwa shirika lake la utangazaji, KBC, peke yake, na vituo vya kibinafsi, vikubwa kwa vidogo, vikajikuta vinatafuta pengine. Kwa anayeandika kuhusu teknolojia shida ni maradufu, kwa maana anayeweza kumpa tangazo mara nyingi ndiye anayepaswa kumchunguza: kampuni ya simu, benki, mkopeshaji wa kwenye simu. Ni vigumu kuuliza kwa nini mkopo wa simu una riba kubwa kiasi kile huku mkopeshaji huyo ndiye anayekulipia kodi ya ofisi.

Maswali yenyewe si ya Nairobi pekee. Watu walipopanga foleni mwaka 2023 wapigwe picha za mboni za macho na Worldcoin kwa ahadi ya pesa, ilibidi mtu aeleze picha hizo zinakwenda wapi. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Kwa mkulima wa Trans Nzoia na Bungoma kuna jambo la karibu zaidi. Mbolea ya ruzuku siku hizi huanzia kwenye simu: umesajiliwa, ujumbe unaingia, unaenda ghala la bodi ya nafaka, NCPB, na vocha yako. Mfumo ulionekana wa kisasa. Mwaka 2024 Africa Uncensored, chombo huru kilichoanzishwa 2015 na John-Allan Namu na wenzake, kikafichua kwamba kulikuwa na mbolea bandia ndani ya mpango huo. Serikali ilikubali kwamba mbolea isiyofikia viwango iliuzwa, ikaahidi kuwafidia wakulima, na hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo ikafika Bunge. Vocha ya simu haikumlinda mkulima. Aliyemlinda ni mwanahabari aliyepima kilichomo ndani ya gunia.

Kazi ya namna hiyo ni ghali, na sidhani fulana peke yake itailipia. Lakini hesabu yake si ya kudharau, na ufunguo wake uko kwa fundi wa kuchapa. Anayechapa kwa fremu hukaza kitambaa chembamba kwenye mbao, huziba sehemu zisizotakiwa, kisha husukuma rangi kwa kipande cha mpira ipenye palipo wazi. Kila rangi ina fremu yake. Kuandaa fremu ni kazi ile ile uchape fulana 10 au 500, ndiyo maana oda ndogo yenye rangi nne humuumiza mteja, na ndiyo maana chombo kidogo kinafaa kuchagua mchoro wa rangi moja uliokaa vizuri. Zaidi ya hapo, kisichape kwanza kikatafute wanunuzi baadaye. Kitangaze, kipokee pesa kwa M-Pesa kwa wiki mbili, kifunge oda, ndipo fundi aanze. Hakuna mzigo unaobaki stoo ukiliwa na panya.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu: watu 100 walipe shilingi 1,000 kila mmoja, na fulana pamoja na uchapaji zigharimu 600. Zinabaki 40,000. Hizo ni nauli za mwandishi kwenda Kimilili, Endebess na Malakisi mara nyingi, na hakuna tangazo linaloweza kuondolewa kwa hasira.

Mafundi wapo. Kila msimu wa uchaguzi wanakesha wakichapa nyuso za wanasiasa, kisha uchaguzi ukiisha wanakaa. Hata kitambaa si lazima kitoke mbali: Rivatex ya Eldoret, iliyonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya 2019, ni jirani, na Malakisi yenyewe ina historia ya kuchambua pamba.

Kuna masharti mawili ambayo nisingeyalegeza. La kwanza, nguo iwe nzuri. Fulana inayobanduka maandishi baada ya kufuliwa mara tatu inamwaibisha mwandishi kuliko aliyeivaa. La pili, chombo kiwaambie wanunuzi pesa zilipatikana ngapi na zilifanya kazi gani, hadharani, kama mweka hazina wa chama anavyosoma hesabu mbele ya wanachama. Atakayeshindwa na hilo hana haki ya kumchunguza mtu mwingine.

Kwa wahariri wa vyombo vidogo, kuanzia wa redio za Bungoma hadi vijana wa Kitale wanaorekodi vipindi vya simu na kilimo kwa Kiswahili na Kibukusu: anzeni na oda ya watu 50 msimu huu, kabla fremu za mafundi hazijajaa kazi za uchaguzi wa 2027. Nawe msomaji, chombo unachokiamini kikitangaza fulana, inunue, na usisubiri upewe bure.