Baiskeli ya Ndani na Joto la Garissa

Anayetafuta baiskeli ya mazoezi mjini Garissa mara nyingi huulizia kwanza skrini. Mimi ningemshauri aanze na joto. Karibu robo tu ya nishati inayotumiwa na misuli hugeuka mwendo. Iliyobaki ni joto. Ukikanyaga kwa wati 100, mwili wako unazalisha joto la wati 300 au zaidi, na mchana nje ni nyuzi 35. Kwenye barabara ya Modogashe, mwendo wenyewe hukuletea upepo. Chumbani jasho hudondoka sakafuni, na jasho linalodondoka halipozi mwili. Sharti likaukie kwenye ngozi.

Kwa hiyo tenga pesa za feni kabla ya kulipia mashine. Ipo pia baiskeli ambayo gurudumu lake ni feni: kadiri unavyokanyaga kwa nguvu ndivyo inavyokuwa nzito, na upepo wake hukupiga mwilini hata umeme ukipotea. Lakini inavuma sana. Kama unapakana ukuta na jirani, chukua inayokazwa kwa sumaku, tena ya mkanda. Haina pedi za kusagika, na haina mnyororo wenye mafuta wa kunasa vumbi letu.

Siti ndiyo inayoharibu magoti ya wengi. Kalia, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukihamia kwenye unyayo wa mbele, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kiuno kikiyumba, siti iko juu mno. Goti likiuma kwa mbele, huenda iko chini.

Akina mama wanaofanyia mazoezi nyumbani wavae suruali. Gauni refu la dirac hunaswa na pedali. Na baiskeli zenye gurudumu zito huendelea kuzungusha miguu hata ukitaka kusimama, basi jifunze breki siku ya kwanza.

Anza na dakika 15 baada ya swala ya alfajiri, kwa uzito unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Zifikie polepole, kwani mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea kufanya kazi kwenye joto. Mwezi wa Ramadhani, hamishia zoezi usiku, baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Kizunguzungu kikikushika, au ukihisi baridi ndani ya joto lile, shuka, jimwagie maji, na usirudi siku hiyo.