Mtoto Mwenye Selimundu: Usingoje Kupambazuke
Mama mpendwa, sisi wauguzi wa zamu ya usiku huwapokea watoto wenye selimundu waliocheleweshwa nyumbani, mama akidhani ni homa ya kawaida. Maumivu ya mifupa yaweza kutulizwa kwanza kwa dawa aliyoandikiwa, maji mengi na kitambaa cha uvuguvugu. Lakini yasipotulia, homa ikifika nyuzi 38.5, akihema kwa shida, akipauka ghafula, tumbo likivimba upande wa kushoto, au mkono ukilegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Bandama yake haimlindi vema dhidi ya vijidudu. Saa chache zaweza kumpoteza. Beba kadi ya kliniki, na ukifika mlangoni sema, "Ana selimundu." Nauli ya usiku tuiweke akiba tangu leo. Sala tutasali njiani.