MTEJA ANATAKA AMPLIFAYA? MUULIZE KWANZA ATAIWEKA WAPI

Wauzaji wa amplifaya na sabufa mtandaoni, hii ni yenu.

Mzigo umetoka Kariakoo mzima, umeujaribu, boda kaupeleka Mbagala au Tegeta, mteja kashukuru. Wiki tatu baadaye inaingia meseji: "Kaka, inazima yenyewe." Unarudishiwa, unaiwasha dukani, inapiga siku nzima haina shida. Inarudi kwa mteja, inazima tena. Hapo ndipo ugomvi unaanza, na nauli ya boda imeshaliwa mara tatu.

Mara nyingi kifaa hakina kosa na mteja hasemi uongo. Shida ni kabati la TV. Dukani kwako amplifaya ipo wazi mezani, kwake imefungiwa.

KWANINI INAZIMA
Amplifaya haipeleki umeme wote kwenye spika. Zile za kawaida, za klasi AB, zikipigwa kwa nguvu karibu nusu ya umeme unageuka joto. Ikivuta wati 120 ukutani, wati 60 hivi zinabaki palepale ndani. Ni sawa na kuwasha balbu ya zamani ya wati 60 ndani ya kabati ukafunga mlango.

Sasa ongeza hali yetu. Dar kuanzia Desemba mpaka Machi mchana sebuleni ni nyuzi 31 hadi 33 kabla hujawasha kitu. Vifaa vingi vya nyumbani vimetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 35 hadi 40. Kabati lililofungwa linavuka hapo haraka sana. Amplifaya yenye ulinzi itajizima, ikipoa inawaka. Isiyo na ulinzi inaunguza transista au aisii, na hiyo haiwaki tena.

Hata isipoungua leo, inazeeka. Mafundi wana kanuni moja: kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita unapungua karibu nusu.

MASWALI MANNE KABLA HUJATUMA MZIGO
Wewe unauza mtandaoni, sebule ya mteja huioni. Kwa hiyo uliza, na omba picha WhatsApp.

1. Utaiweka wapi? Kama ni kabatini, apime upana, kina na urefu wa nafasi. Fuata kitabu cha maelekezo. Kama hakipo, anzia sentimita 10 kila upande na 15 hadi 20 juu.

2. Juu yake kutakuwa na nini? King'amuzi kisikae juu ya amplifaya. Kitambaa cha kufuma pia hapana, kinaziba matundu ya kutolea joto.

3. Utafunga spika ngapi? Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Amplifaya inatoa mkondo mkubwa zaidi, joto linaongezeka. Angalia nyuma imeandikwa mwisho omu ngapi.

4. Ni ya kutazamia TV au ya kupiga muziki kutwa? Wa kupiga kutwa halafu kabati dogo, mshauri achukue ya klasi D. Hizi umeme mwingi, asilimia 80 hadi 90 zikipigwa kwa nguvu, unafika kwenye spika, kwa hiyo joto ni dogo.

Kwa sabufa zenye amplifaya ndani: nyingi zina bati nyuma linalotoa joto. Isigandamizwe ukutani wala isisukumwe ndani ya kabati.

KABATI LIPO TAYARI, AFANYEJE?
Anza na cha bure: afungue milango wakati muziki unapiga, na avute kabati sentimita 5 kutoka ukutani.

Cha pili, matundu. Hewa ya moto inapanda juu, kwa hiyo kunatakiwa tundu la chini la kuingiza hewa baridi na la juu la kutoa ya moto. Tundu moja tu halisaidii sana. Fundi seremala yeyote, awe wa Keko au wa mtaani kwake, anakata ubao wa nyuma kwa dakika chache. Amplifaya itolewe kwanza, unga wa mbao usiingie ndani.

Cha tatu, feni ya kompyuta ya volti 12, ile ya sentimita 12. Ifungwe kwenye tundu la juu ikivuta hewa kwenda nje. Ukiilisha kwa adapta ya volti 9 inazunguka taratibu na kelele inapungua. Hii hata wewe unaweza kumuuzia pamoja na amplifaya.

Kupima ni rahisi. Apige muziki saa moja milango ikiwa imefungwa kama kawaida yake, halafu aguse bati la juu. Kama mkono haukai hata sekunde chache, joto limezidi, atoe kifaa nje. Akisikia harufu ya kuungua, achomoe waya ukutani na asiwashe tena mpaka fundi aione.

MESEJI YA KUTUMA KILA UNAPOUZA
"Asante kwa kununua. Tafadhali iache ipumue: sentimita 10 pembeni, 15 juu, usiifunike na usiifungie kabatini bila matundu. Ikizima yenyewe, iache ipoe nusu saa, kisha nitumie picha ya ilipokaa."

Itume kabla boda hajaondoka, na maneno hayohayo yaandike kwenye risiti ya waranti. Siku ikirudi, mtaongea juu ya kitu mlichokubaliana mwanzo, sio kubishana nani kaiharibu. Na faida ya amplifaya moja ni ndogo, boda wa kwenda na kurudi mara mbili anaimaliza yote.

Mtumie mwenzako anayeuza sabufa. Una swali, andika hapo chini ukitaja aina ya amplifaya na vipimo vya kabati.