Hesabu ya Chakula Mbele ya Halmashauri

Kuishi kando ya Ziwa Viktoria si kinga ya njaa. Katika mkoa wa Mwanza mvua hutarajiwa kati ya Oktoba na Mei, nayo huweza kukatika katikati ya msimu, mahindi yakanyauka kabla ya kubeba. Ndiyo sababu Wasukuma walizoea kukausha viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa, na muhogo ukawa chakula kikuu kisiwani Ukerewe. Kijiji kinachotaka kuimarisha akiba ya namna hiyo huhitaji fedha, na mlango wa karibu ni halmashauri ya wilaya. Mlango huo haukuwapo siku zote: halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarejea mwaka 1984 kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982.

Jambo la kwanza la kuthibitisha ni ukubwa wa upungufu. Kilio cha njaa peke yake hakimsaidii diwani anayeitetea kata yake mbele ya kata nyingine zenye kilio hicho hicho. Hesabu humsaidia, nayo haimshindi mwanafunzi wa kidato cha pili. Katika mipango ya chakula hukadiriwa kwamba mtu mmoja, kwa wastani, huhitaji kilokalori 2,100 kwa siku. Kilo moja ya nafaka au ya muhogo mkavu hutoa kilokalori 3,500 hivi. Ikiwa robo tatu ya nguvu ya mwili hutokana na vyakula hivyo, kila mtu atahitaji gramu 450 kwa siku, yaani kilo 164 kwa mwaka. Kijiji cha kufikirika chenye watu 2,000 kitahitaji basi tani 328. Kikivuna tani 250, upungufu ni tani 78, ambazo ni chakula cha siku 87. Hata hivyo ni lazima kukumbuka kwamba kilo tatu za muhogo mbichi hutoa karibu kilo moja tu ya mkavu. Anayeziandika zote tatu kama nafaka huificha njaa katika daftari.

Upungufu ukijulikana, ombi hupata umbo. Ikikadiriwa kwamba hekta moja itatoa tani 10 za muhogo mbichi, tani 78 za mkavu zitahitaji hekta 24 hivi. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, hekta moja huchukua vipando 10,000; jumla ni vipando 240,000. Kuvinunua vyote ni gharama ambayo baraza lolote litasita kuipitisha. Lakini shina moja lililokomaa huweza kutoa vipando kumi hivi. Kwa hiyo shamba la mbegu la hekta 2.4 likipandwa mwaka wa kwanza, hekta zote 24 zitapata vipando mwaka unaofuata, na vipando vya kununua vitakuwa sehemu moja ya kumi tu. Sharti ni kwamba mbegu iwe safi, kwa maana batobato na michirizi ya kahawia huenezwa na inzi weupe na pia na vipando vyenyewe. Ushauri wa jambo hili hupatikana katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika kalenda. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango hupita kwanza katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ufike kwa madiwani, miezi mingi kabla ya tarehe hiyo. Wazo linalozaliwa Januari, njaa inapouma, mara nyingi huwa limekwisha kuchelewa. Mkutano ukikaa Agosti 2026, fedha zaweza kutarajiwa Julai 2027, vipando vya kwanza vitapandwa mvua za Oktoba 2027, shamba kubwa Oktoba 2028, na muhogo wa kula utachimbwa karibu na mwisho wa 2029. Fedha zikichelewa hadi mvua ipite, mwaka mzima hupotea. Viazi vitamu, vinavyokomaa katika miezi minne hivi, hufaa kuziba pengo hilo.

Ipo njia nyingine: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 hukopeshwa bila riba kwa vikundi vya wanawake (asilimia 4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Huo ni mkopo, na hurudishwa. Wanawake wanaojenga vichanja vya kuanikia dagaa, badala ya kuwaanika mchangani, wataulipa kwa mauzo. Ghala la akiba ya njaa halina mauzo. Mahali pake ni katika bajeti ya maendeleo.

Swali moja huulizwa mara kwa mara, na kwa haki: nani atalilinda shamba la mbegu wakati wa kiangazi, ng'ombe wanapoachiwa mashambani? Kijiji chaweza kutunga sheria ndogo, ikapelekwa halmashauri kuidhinishwa. Yafaa ipelekwe pamoja na ombi la fedha, ikiambatana na muhtasari wa mkutano ulioipitisha.