Kapita Mjini, Hakuja Kutusalimia: Wafanyakazi wa Ndege na Hoteli Zao

Katika familia zetu nyingi zilizoko ughaibuni kuna jina moja linalotajwa kwa fahari na kwa lawama. Ni la yule mtoto wa ndugu anayefanya kazi kwenye ndege. Fahari, kwa sababu kavaa sare na anaiona dunia. Lawama, kwa sababu "alikuwa hapa hapa mjini juzi, siku nzima, kalala hotelini, wala hakuja kumwona shangazi yake." Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakasema kajisahau, kaonja mashuka ya hoteli kubwa na mkeka wa nyumbani haumfai tena.

Kabla hatujamhukumu, tuitazame hoteli hiyo kwa macho yake. Kwa abiria, hoteli ni sehemu ya starehe ya safari. Kwa rubani na mhudumu wa ndege, ni sehemu ya kazi. Pale ndipo anapolipa deni la usingizi kabla hajakabidhiwa tena roho za watu mia tatu. Ukimuuliza anataka nini kwenye hoteli, bwawa la kuogelea halitakuwa la kwanza kutajwa. Atakuambia: kimya, giza, chumba kilicho tayari, chakula wakati wowote, na mlango unaofungika vizuri.

Tuhesabu saa pamoja

Tuseme binti yetu katoka Nairobi usiku na ndege imetua London saa 12:30 asubuhi. Usiku kucha alikuwa amesimama. Abiria wakishuka, naye ana ukaguzi wa ndege, pasipoti, mizigo na basi. Akifika hotelini mapema ni saa 2 asubuhi. Akioga na kujilaza saa 3, akaamka saa 8 mchana, amepata masaa matano ya usingizi wa mchana, ambao mara nyingi ni mwepesi na wa kukatikakatika.

Ndege ya kurudi inaondoka kesho yake saa 4 asubuhi. Basi linawachukua saa 1:30, kwa hiyo ataamka saa 12. Ili apate masaa manane kamili, lazima awe kitandani saa 4 usiku. Kilichobaki mkononi mwake ni kuanzia saa 8 mchana hadi saa 4 usiku. Humo ale, asali, apige pasi sare, azungumze na mama yake kwa simu, na apumue kidogo. Kama shangazi anakaa mji wa jirani, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni, kwenda na kurudi tu ni masaa matatu.

Hiyo ni ratiba nzuri. Zipo nyingine ambapo anapata masaa kumi tu tangu kumaliza kazi hadi kuanza tena, na hapo hata dukani haendi.

Sheria haimwachi afanye apendavyo

Mapumziko haya yamewekwa na sheria. Kanuni za Ulaya zinasema mfanyakazi wa ndege aliye mbali na kituo chake apumzike muda usiopungua ule aliofanya kazi, au masaa 10, kutegemea upi ni mrefu zaidi. Ndani yake lazima kuwe na nafasi ya kulala masaa 8, mbali na muda wa usafiri, kuoga na kula. Kanuni hizo zinaeleza hata chumba kiweje: kila mtu chumba chake, mahali patulivu, chenye kitanda na hewa ya kutosha, uwezo wa kurekebisha joto na mwanga, na chakula na kinywaji kiwe karibu.

Marekani ilijifunza kwa uchungu. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407 kutoka Newark, ilianguka karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema chanzo ni namna rubani mkuu alivyolipokea onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea angani. Lakini walipofuatilia usiku uliotangulia, waligundua kuwa rubani mkuu alilala kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi pale uwanjani, na msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili awahi kazini. Hakuna kati yao aliyelala kitandani hotelini. Wachunguzi waliona kwamba uchovu huenda uliwapunguzia uwezo, ingawa hawakuweza kupima kwa kiasi gani.

Familia za marehemu hazikukaa kimya. Zilikwenda Washington mara kwa mara, na mwaka 2010 Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya ya usalama wa anga. Tangu Januari 2014 marubani wa ndege za abiria nchini humo wanatakiwa kupata mapumziko ya masaa 10 kabla ya zamu, yenye nafasi ya masaa 8 ya kulala bila kukatizwa. Wahudumu wa ndege walisubiri zaidi. Kanuni ya kuwapa masaa 10 yasiyopunguzwa ilitolewa Oktoba 2022.

Sababu yake ni rahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Hatumruhusu dereva aliyekunywa atupeleke harusini. Basi na aliyekesha tusimruhusu aturushe.

Chumba chenyewe

Kwanza ni kimya. Wafanyakazi wa ndege huomba chumba kilicho mbali na lifti, mbali na mashine ya barafu, na mbali na ukumbi wa harusi. Usingizi wao unaanguka saa ambazo hoteli nzima iko macho: mhudumu wa vyumba anagonga, mashine ya kufagilia inanguruma, watoto wa wageni wanakimbizana. Hoteli inayowajua huwapa ghorofa yao, na wasafishaji hawapiti huko asubuhi.

Pili ni giza. Pazia zito linalokutana katikati bila kuacha ufa ni mali kuliko picha ya ukutani. Mwili unasoma mwanga. Ukiona jua unaamini kumekucha. Ndiyo maana wengi husafiri na vibanio vya nguo, si kwa ajili ya kuanika bali kubana pazia la hoteli.

Tatu ni baridi ya kadiri. Wataalamu wengi wa usingizi hupendekeza chumba cha nyuzi 18 hivi. Kiyoyozi kinachoamuliwa na mashine ya mapokezi, usichoweza kukigusa, kinamfanya mtu aliyelala mchana aamke akitoka jasho.

Nne, chumba kiwe tayari. Hoteli nyingi hufungua vyumba alasiri, lakini ndege nyingi za mbali hutua asubuhi. Mtu aliyekesha akiambiwa akae sebuleni masaa mawili, hayo yanakatwa kwenye usingizi wake, maana ndege ya kesho haitamsubiri.

Chakula saa 9 usiku

Chukua safari ya Kenya Airways ya Nairobi hadi New York bila kutua njiani, iliyoanza Oktoba 2018. Ni takribani masaa 15 angani. Wakati wa kiangazi cha huko, New York iko nyuma ya Nairobi kwa masaa 7; wakati wa baridi, 8. Saa 4 usiku New York ni saa 11 alfajiri nyumbani. Mtu analala kwa sababu ya uchovu, lakini saa 9 usiku macho yanafunguka kama taa, kwani Nairobi ni saa 4 asubuhi na tumbo linadai chai. Mgahawa umefungwa, kifungua kinywa ni saa 12:30, na nje ni mji usioufahamu.

Ndiyo maana friji ndogo, birika la umeme na jiko la maikrowevu vinathaminiwa kuliko maua mezani. Wengi hubeba chakula chao, kwanza kwa ajili ya saa hizo, pili kwa sababu posho ya safari ni fedha halali ya kusomesha mdogo wake, na sahani moja ya hoteli inaweza kuila nusu. Kwa Mwislamu kuna jambo la ziada: kujua kama nyama ni halali, na kibla kiko upande gani. Hoteli nyingi za Ghuba zina mshale darini unaoonyesha kibla. Kwingineko anatumia simu yake.

Mlango na ufunguo

Jambo hili wahudumu wa kike hulitaja mapema sana. Sare inamtangaza mtu. Kila aliyekaa pale mapokezi anajua ni mgeni, yuko peke yake, na ataondoka kesho. Hoteli nzuri haitamki namba ya chumba kwa sauti. Inaiandika kwenye karatasi na kumkabidhi. Haimweki ghorofa ya chini wala mwisho wa korido yenye mlango wa nje. Mlango una komeo la pili kwa ndani na tundu la kuchungulia. Na mtu akipiga simu kuuliza, "Fulani yuko chumba namba ngapi?", haambiwi, hata akisema ni mjomba.

Kwa hiyo, mjomba, ukinyimwa usione umedharauliwa. Mwanao analindwa.

Kwa ndugu walioko mjini

Tunaweza kumpenda mtoto wetu bila kumchosha. Muulize kwanza, "Una muda gani, na unalala saa ngapi?" Akisema hana nafasi, amini. Akisema ana mchana mmoja, mfuate wewe. Mama mdogo anayebeba hotpoti ya pilau na kachumbari hadi sebule ya hoteli, akakaa naye saa moja na kuondoka, kampa zawadi kubwa kuliko karamu ya watu ishirini inayokwisha saa 6 usiku.

Usimpigie asubuhi aliyotua. Tuma ujumbe; atausoma akiamka.

Usimletee kifurushi cha kupeleka nyumbani. Kukataa mzigo wa mtu mwingine ni ulinzi wa kazi yake na wa abiria, na kumlazimisha achague kati ya ajira na heshima kwa wakubwa ni kumwonea.

Na ile picha mliyopiga naye, usiirushe kwenye kundi la ukoo ikiwa na jina la hoteli na saa ya kuondoka. Iweke akishafika.

Kwa tunaofanya kazi hotelini

Wengi wetu, na hasa wanafunzi, tunapata riziki kwenye hoteli zilizo karibu na viwanja vya ndege: mapokezi, jikoni, usafi wa vyumba. Kibao cha "usisumbue" kikining'inia saa 5 asubuhi, ndani yake kuna mtu ambaye kwake ni usiku wa manane. Usigonge "kuhakikisha tu". Ukipita na toroli, funga milango kwa mkono badala ya kuiacha ijibamize. Ukiwa mapokezi, simu ya kuamsha iliyoandikwa saa 10:15 ipigwe saa 10:15, kwani basi lina watu kumi na wawili na mmoja akikosekana ndege nzima inachelewa. Hoteli zinayathamini sana mikataba ya mashirika ya ndege kwa sababu vyumba hujaa mwaka mzima, na mikataba hiyo hupotea kwa malalamiko madogo madogo ya aina hii.

Somo kwa nyumba zetu

Sasa tutazame nyumbani. Ni nani kati yetu hana baba anayelinda lango usiku huko Doha, mama anayetunza wazee usiku huko Leicester, au kaka anayepanga mizigo ghalani mpaka alfajiri? Nao hulala mchana, ila hawana kanuni inayotaja pazia wala mtu wa mapokezi wa kuwalinda. Anarudi saa 2 asubuhi, televisheni inapiga kelele, watoto wanagombania rimoti, na mgeni akipita anauliza, "Huyu bado kalala tu?"

Chumba cha mtu huyo kistahili angalau nusu ya kile anachopewa rubani. Nunua pazia zito, si ghali. Simu yake iwe kimya, na abaki mtu mmoja wa kupokea salamu na habari za nyumbani kwa niaba yake hadi saa 8. Chai na kahawa aziache masaa kadhaa kabla ya kulala, maana baada ya masaa matano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Wafundishe watoto kwamba mlango ukifungwa, kwa baba ni usiku. Na chakula chake kifunikwe, akiamka akikute.

Anayelala mchana kwa sababu alikesha akitutafutia hajajisahau, awe hotelini au chumba cha ndani. Anajiandaa kwenda tena.