Breki za Diski kwa Land Rover Kuukuu

Bwana mkulima, nawe Bibi mkulima, ikiwa unayo Land Rover ya zamani ya kupelekea viazi, kabichi au maziwa sokoni, soma maneno haya mpaka mwisho. Pengine injini yake ingali na nguvu, na fremu yake haijashikwa na kutu. Lakini je, breki zake zikoje? Gari lisilowaka hukuchelewesha tu, bali gari lisilosimama huua.

Mtu aliyeshuka na mzigo mteremko wa Mai Mahiu, kwenye ile barabara iliyojengwa na mateka Waitaliano wakati wa vita vya miaka ya 1940, anaijua harufu ya breki zinazoungua. Anajua pia jinsi pedali inavyokanyagwa na gari likazidi kwenda.

Kwa nini breki za zamani huchoka?

Land Rover zilianza kuuzwa mwaka 1948, na kwa miaka mingi zilikuwa na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Gari refu la inchi 109 lina dramu za inchi 11. Gari fupi la inchi 88, mara nyingi ni inchi 10. Ndani ya dramu mna shuu mbili zinazosukumwa nje ili zisugue chuma. Ukikanyaga breki kwa muda mrefu mteremkoni, dramu hupata moto, hutanuka na kuziacha shuu. Ukivuka mto, maji huingia ndani na kukaa humo.

Diski imekaa wazi kwenye upepo. Kalipa huibana kwa pedi mbili, moja huku na moja huku. Ikipata moto hunenepa kuelekea pedi, haizikimbii. Ikilowa maji, huyafuta upesi inapozunguka.

Tena, ukifunga breki uzito wa gari huinamia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yafanyayo sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo sababu Land Rover One Ten ya mwaka 1983 ilipewa diski mbele, na nyuma ikaachiwa dramu. Nawe ukibadilisha mbele tu, umepata faida iliyo kubwa.

Kumtafuta fundi

Nairobi, upande wa Eastlands, mafundi wa jua kali ni wengi. Ukipita Barabara ya Jogoo kuelekea Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, utasikia nyundo zikilia tangu asubuhi. Wamo mafundi hodari sana, na wamo wanaojifunza kwa gari lako. Basi kabla ya kutoa fedha muulize fundi maneno matatu: Je, amekwisha kufanya kazi hii kwenye Land Rover? Kipande cha kushikia kalipa atakitoa wapi? Ana spana ya kupimia nguvu ya kukaza bolti?

Akikuambia kwamba atakata bamba la chuma na kulichomelea kwenye ekseli, mshukuru uende zako. Kipande hicho hubeba nguvu yote ya kusimamisha gari lenye mzigo. Kikivunjika, kalipa huweza kujikunja ndani ya gurudumu na kulifunga ghafula. Nunua seti kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya Land Rover yako, yenye diski, kalipa, vishikio na bolti zake, ya kufungwa bila kuchomelea.

Wengine watakushauri ununue ekseli nzima ya One Ten. Jihadhari! Ekseli hiyo ni pana zaidi na hukaa juu ya springi za mviringo, si za majani kama zako. Tena difu yake ni ya 3.54 kwa 1, na ya Land Rover nyingi za zamani ni 4.7 kwa 1. Ukiweka ya namna moja mbele na ya namna nyingine nyuma, siku utakayotia gia ya magurudumu manne, ekseli zitashindana mpaka kitu kivunjike.

Kazi yenyewe

Kwanza pima rimu. Kalipa huhitaji nafasi, na rimu nyingine, hasa za inchi 15, huigusa.

Pili, dramu zikifunguliwa, vumbi lisipulizwe kwa upepo wala kwa mdomo. Shuu za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Tatu, wakati habu iko nje, tazama beringi na oili sili. Sili inayovuja italowesha pedi mpya kwa grisi, na fedha yako itakuwa imepotea.

Nne, usisahau masta silinda. Diski hazijivuti zenyewe kama shuu za mbele, kwa hiyo zataka msukumo mkubwa zaidi. Bila busta mguu wako utachoka. Katika gari za zamani masta silinda ina njia moja tu. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Weka masta silinda ya njia mbili, mbele mbali na nyuma mbali. Tena ile vali ndogo iliyowekwa kwa ajili ya dramu isibaki kwenye njia ya diski, maana huzuia mafuta kurudi, na pedi zitasugua siku zote.

Tano, badilisha mipira ya mabomba na utie mafuta mapya ya breki, aina ya DOT 4, kisha upepo utolewe wote. Usitie mafuta ya injini hata tone moja. Hufurisha mipira na kuiharibu.

Breki ya mkono usiihofie. Katika Land Rover hizi imefungwa nyuma ya gia boksi, nayo haihusiani na kazi hii. Ni ya kusimamishia gari lililokwisha tulia.

Kulijaribu gari

Usilitie mzigo siku hiyo. Tafuta barabara tupu, nenda mwendo wa kilomita 50 kwa saa, punguza mwendo taratibu bila kusimama kabisa, kisha acha breki zipoe. Fanya hivyo mara 15 au 20 ili pedi zikae vizuri. Gari likivuta upande mmoja, au magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo. Kisha lipeleke gari likakaguliwe, na uwaarifu watu wa bima.

Kulitunza

Matope na mchanga hula pedi upesi kuliko shuu. Zitazame kila mwezi. Zikibaki unene wa milimita 3, zibadilishe. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, na mafuta yenye maji huchemka mteremkoni. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Ikiwa fedha haijatosha, usifanye kazi nusu. Tengeneza kwanza dramu zako barabara: shuu mpya, silinda zisizovuja, na marekebisho yake. Dramu nzima ni bora kuliko diski iliyofungwa ovyo.

Nalo jambo la mwisho: breki mpya hazikupi ruhusa ya kukimbia. Ukifika kichwani mwa mteremko, tia gia ndogo kabla hujaanza kushuka, na injini ikusaidie kulizuia gari. Viazi vikichelewa saa moja bado vitapata mnunuzi.